Kura ya mtandaoni inaandikwaje? Kazi ya skripti ya kwenye sava

Watu wengi wanajua kwamba ukibonyeza kitufe cha "Piga kura" namba inaongezeka, basi kazi imeisha. Ila ile namba inayopanda kwenye kioo cha simu yako yenyewe haithibitishi kitu, kwasababu simu yako imetuma ombi tu. Kura inakuwa kura pale skripti (programu fupi ya maelekezo) iliyoko kwenye sava, yaani kompyuta inayoendesha ukurasa huo, inapoipokea, ikaikagua, alafu ikaiandika mahali pa kudumu. Hiyo skripti ndo naizungumzia hapa, na tuchukue mfano wa huku huku Chuga (Arusha), tuseme ligi ya mtaa pale Ngarenaro, waandaaji wanataka mashabiki wachague mchezaji bora wa mechi kwa kutumia simu.

Shabiki anafungua ukurasa, anachagua jezi namba 9, anabonyeza. Brauza inatuma ujumbe mfupi kwenda kwenye sava, ndani yake kuna mechi gani na mchezaji gani. Kule kuna skripti inasubiri, mara nyingi ni ya PHP (lugha ya kuandikia programu ambayo Rasmus Lerdorf alianza kuitengeneza mwaka 1994 ili ajue watu wangapi wanaangalia wasifu wake mtandaoni, kwahiyo kuhesabu watu ni kazi iliyozaliwa nayo kabisa). Skripti inauliza maswali ya msingi: hii mechi ipo? huyu mchezaji alicheza? muda wa kura haujaisha? Na haya maswali lazima yaulizwe kwenye sava hata kama ukurasa ulishayauliza, maana mtu anayejua kidogo tu anaweza kutuma ujumbe wake moja kwa moja bila hata kuufungua ukurasa wako, akaandika mchezaji namba 900, au akapachika amri ya databesi (ghala la taarifa la sava) kwenye nafasi ya jina. Usiamini chochote kinachotoka kwa mtumiaji.

Alafu brauza ina njia mbili kuu za kutuma ombi, POST na GET: kura itumwe kwa POST, isitumwe kwa GET. GET ni ya kuomba kusoma na kila kitu kinakaa wazi kwenye linki, sasa mtu akiitupia hiyo linki kwenye grupu la WhatsApp kila anayeigusa kapiga kura bila kujua, na hata simu inayoituma inaweza kuifungua kimya kimya ili ipate kile kipicha cha juu, hapo nayo imehesabiwa.

Sasa kuandika ndo penyewe. Wengi wanaanza na faili moja lina namba ndani, tuseme 41. Skripti inasoma 41, inajumlisha moja, inaandika 42, safi kabisa ukijaribu mwenyewe nyumbani. Ila refa akipuliza kipyenga cha mwisho watu wote wanatoa simu kwa pamoja, na kura mbili zinaingia karibu muda ule ule: skripti ya kwanza inasoma 41, kabla haijaandika ya pili nayo inasoma 41, ya kwanza inaandika 42, ya pili nayo inaandika 42. Watu wawili wamepiga, imehesabika moja, hamna ujumbe wowote wa kosa, na wote wawili wameambiwa asante. Unaweza kulifunga faili mpaka mmoja amalize, au ukatumia databesi ukaiambia kwa amri moja "ongeza moja kwenye iliyopo", hilo tatizo linaisha.

Lakini mi nasema hata hivyo haitoshi, usihifadhi jumla peke yake. Kijumbe wa mchezo wa kuchangiana pesa akiandika kwenye daftari "jumla laki tatu" bila majina, siku mtu akisema nilitoa, atamjibu nini? Kwahiyo kila kura iwe na mstari wake kwenye databesi: kura ya mechi ipi, kwa mchezaji yupi, imetoka kwa nani, saa ngapi. Jumla utaipata kwa kuhesabu mistari pale unapoihitaji, na ukigundua kura 200 zimeingia ndani ya dakika moja saa nane usiku zote za mtu mmoja, unaiona hiyo mistari na unaweza kuitoa.

Hapo kwenye "imetoka kwa nani" ndo pagumu. Kuki, kile kijifaili cha kumkumbuka mtumiaji kinachokaa kwenye brauza, inafutika kwa sekunde, mtu anapiga tena. Anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) nayo inadanganya pande zote mbili, hosteli nzima ya wanafunzi wenye wifi moja wanaonekana kama mtu mmoja, kampuni za simu nazo zinawapa wateja wengi anwani moja, wakati huo huo mjanja anazima data anawasha anaweza kupata anwani nyingine. Ukizuia kwa IP unawanyima kura watu wa haki na mwizi anapita. Kwa hali ya huku kwetu namba ya simu na meseji ya kuthibitisha inasaidia zaidi, japo meseji zina gharama na mwenye laini tatu bado ana kura tatu. Alafu iambie databesi yenyewe ikatae namba ile ile mara mbili kwa mechi ile ile, usiiachie skripti iangalie kwanza ndo iandike, maana utarudi kwenye yale yale ya 41 na 42.

Na ukishachukua namba za watu umebeba taarifa binafsi, Tanzania ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022. Usiziweke wazi, zibadilishe ziwe alama isiyosomeka kwa kutumia ufunguo wa siri unaokaa nje ya databesi. Bila huo ufunguo haisaidii sana, namba za simu za nchi nzima kompyuta inaweza kuzijaribu zote moja moja mpaka ipate yako. Mshindi akitangazwa na muda wa malalamiko ukipita, futa hizo alama, bakiza matokeo.