Video inayokwama nyumbani haiponi kwa kuongeza kifurushi

Siku hizi si ajabu nyumba moja kuwa na kompyuta tatu na ruta moja. Video za harusi, mawaidha, masomo ya watoto na filamu hukaa kwenye diski ya kompyuta moja, na wengine huzitazama wakiwa vyumbani mwao. Ni mpango mzuri, kwa sababu hauli bando wala hauhitaji mtu abebe flashi huku na huku. Ila picha ikianza kuganda, ushauri humiminika kutoka kila upande, na mwingi wake humtoa mtu fedha mahali ambapo tatizo halipo. Hilo linanikera kwa dhati, maana mara nyingi fedha hizo zingetosha kununua waya wa mita 20 na shida ikaisha jioni hiyohiyo.

Dhana: video inakwama kwa sababu kifurushi cha intaneti ni kidogo

Video inayotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba haivuki ruta. Mtoa huduma haioni, haihesabu, wala hawezi kuipunguza kasi. Uwe umelipia megabiti 10 kwa sekunde au 100, njia ya ndani ni ileile. Anayetaka kuhakikisha achomoe waya unaoleta intaneti kwenye ruta, aiache ruta ikiwaka, kisha acheze faili kutoka kwenye folda iliyoshirikishwa. Video itaendelea kucheza. Kama ilikuwa inakwama, itakwama vilevile. YouTube ni habari nyingine, maana yenyewe inatoka nje.

Cha kujua kwanza ni kasi ambayo video yenyewe inaidai. Chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8 upate megabiti, kisha gawanya kwa idadi ya sekunde za video. Filamu ya saa 2 yenye gigabaiti 8 ina megabiti 64,000. Ukigawanya kwa sekunde 7,200 unapata karibu megabiti 9 kwa sekunde. Angalia usichanganye biti na baiti, kwa sababu kompyuta inaponakili faili huonyesha baiti, wakati kasi ya mtandao hutajwa kwa biti.

Hiyo 9 ni wastani tu. Watu wawili wakiongea wametulia, picha haibadiliki sana na mkondo, yaani data inayopita kila sekunde, unakuwa mdogo. Ikija mvua kubwa, umati unaokimbia au mawimbi ya bahari, mkondo unaweza kupanda mara mbili au tatu ya wastani. Ndiyo maana filamu hupita vizuri kwenye mazungumzo na kuganda kwenye mapigano. Kwa kulinganisha, DVD haizidi megabiti 10 hivi kwa sekunde, Blu-ray ya kawaida inaweza kufika 40 kwa picha peke yake, na diski ya 4K inaweza kufika 128.

Dhana: ruta imeandikwa megabiti 300, kwa hiyo megabiti 9 si kitu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na siwalaumu, kwa sababu namba ya kwenye boksi ni ya kweli kwa mazingira ambayo karibu hakuna nyumba iliyo nayo.

Tuifuate hiyo 300 mpaka chumbani. Ruta ya aina hiyo huifikia 300 kwa kutumia antena mbili na chaneli pana ya megahezi 40 kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Mitandao ya majirani ikiwa mingi, ruta hurudi kwenye chaneli ya kawaida ya megahezi 20, na kikomo kinashuka hadi karibu 144. Laptopu nyingi za bei nafuu zina antena moja tu, hivyo kikomo kinashuka tena hadi 72. Halafu sehemu kubwa ya muda wa hewani hutumika kwa taarifa za kupokelewa, kusubiriana na kurudia data iliyopotea, kiasi kwamba data halisi huwa kama nusu ya namba hiyo. Tumebaki na 35 hivi, na bado hatujafika.

Wi-Fi ni kama baraza lenye msemaji mmoja tu kwa wakati. Kompyuta ya sebuleni ikituma video kwa Wi-Fi, ruta hunyamaza ikisikiliza. Kisha ruta huirudia data ileile kwa laptopu ya chumbani, na kompyuta ya sebuleni hunyamaza. Kila kipande cha video kimesemwa mara mbili kwenye hewa ileile. Ile 35 imekuwa chini ya 20, kabla hujaongeza simu za watoto, ukuta wa tofali za saruji, na jirani anayetumia chaneli hiyohiyo. Filamu ya wastani wa 9 inayoruka hadi 25 lazima igande.

Kwa hiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni kuiunganisha kompyuta inayohifadhi video kwa waya hadi kwenye ruta. Ile nyingine inaweza kubaki kwenye Wi-Fi. Data itasemwa hewani mara moja tu, na kasi inaweza kukaribia mara mbili bila kubadilisha ruta.

Baa za Wi-Fi zikijaa, watu huona hewa ni safi. Baa huonyesha nguvu ya mawimbi, hazionyeshi msongamano. Kwenye maghorofa yenye wapangaji wengi, kama ya Kariakoo au Eastleigh, unaweza kuwa na baa zote na bado ukasubiri zamu yako nyuma ya mitandao mingi. Kwenye gigahezi 2.4, chaneli ambazo haziingiliani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Anayechagua 3 akidhani amejitenga huwa amejiingiza kwenye kelele ya 1 na ya 6 kwa pamoja. Maikrowevu nayo hupiga kelele kwenye masafa hayohayo. Gigahezi 5 ina chaneli nyingi zaidi na kasi kubwa zaidi, ila hupenya ukuta wa zege kwa shida; ndani ya chumba kimoja na ruta, au chumba kinachofuata, ichague bila kusita.

Kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachouzwa ili "kuongeza mtandao" huongeza umbali. Kama kina redio moja, huongeza pia msemaji mwingine barazani na kuikata kasi kama nusu. Kwa barua pepe kinafaa. Kwa video nzito, hapana.

Dhana: nimeweka waya, kwa hiyo mtandao hauna kosa

Waya ni bora, lakini nao hukaguliwa. Mtandao wa megabiti 1,000 hutumia nyuzi zote 8 zilizo ndani ya waya; wa megabiti 100 hutumia 4. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, vifaa mara nyingi hushuka kimyakimya hadi 100, au hata 10. Hakuna onyo lolote. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta uone kasi ya kiungo. Ukikuta 10, badilisha waya kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Ukikuta 100, inawezekana ni matundu ya ruta yenyewe, maana ruta nyingi za bei nafuu huishia hapo, na 100 ya waya inatosha karibu kila filamu isipokuwa zile za 4K zilizonakiliwa kutoka kwenye diski bila kubanwa upya. Usiuziwe waya wa bei kubwa wa daraja la 7 kwa kazi hii. Daraja la 5e lililobanwa vizuri hubeba megabiti 1,000 hadi mita 100.

Kuna kosa moja la waya ambalo huwasumbua hata mafundi. Mtu huingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, anaacha hali ya kujichagulia, anaandika kwa mkono megabiti 100, kutuma na kupokea kwa pamoja, akiamini ameilazimisha kompyuta iwe na nguvu. Ruta ya upande wa pili bado iko kwenye hali ya kujichagulia. Inaitambua kasi, lakini haiwezi kujua kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja, kwa hiyo inachagua kwa zamu. Sasa mmoja anaongea wakati wowote, mwingine anahesabu kila mwingiliano kuwa ajali. Ukijaribu kwa ping, amri ya kupima kama kifaa cha upande wa pili kinajibu, majibu yanarudi vizuri kwa sababu ni vipande vidogo. Ukicheza video, inakatikakatika vibaya kuliko Wi-Fi. Dawa ni kurudisha pande zote kwenye hali ya kujichagulia.

Dhana: ikikwama, lazima ni mtandao

Nakili faili lote kwenye diski ya laptopu inayotazama, kisha licheze kutoka hapo. Kama bado linakwama, mtandao hauna hatia, na hata ruta ya bei gani haitasaidia.

Sababu ya kawaida ni namna video ilivyobanwa. Kiwango cha kubana video cha H.265 kilitoka mwaka 2013, na huokoa nafasi sana, ila kukisimbua, yaani kuifungua video iliyobanwa ili ionekane, kunahitaji kazi kubwa. Prosesa za Intel zilianza kuwa na saketi kamili ya kukisimbua kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015, na kwa video za biti 10 kuanzia kizazi cha 7. Kati ya laptopu za mtumba zinazouzwa kwetu zimo za kizazi cha 4 na cha 5. Ni mashine imara na sioni sababu ya kuzidharau, lakini video ya 4K ya H.265 huzielemea kabisa. Kwenye mashine kama hiyo tafuta toleo la H.264, kiwango cha zamani zaidi. Faili litakuwa kubwa zaidi, mtandao utabeba zaidi, na picha itatulia.

Wanaotumia Jellyfin au Plex, programu za kugawa video kutoka kompyuta moja kwenda vifaa vingine, wana sehemu ya pili ya kukagua. Programu hizi zikiona kifaa kinachotazama hakiwezi kusimbua faili, kompyuta inayohifadhi huanza kuisimba video upya, yaani kuifungua na kuibana tena, papo kwa papo. Prosesa inapanda hadi asilimia 100 na picha inaganda, huku mtandao ukiwa karibu mtupu. Hata manukuu yanaweza kuleta hali hiyo: yale yaliyohifadhiwa kama picha, yanayotoka kwenye Blu-ray, mara nyingi huilazimu programu kuyachora juu ya video na kuisimba yote upya. Zima manukuu kwa dakika chache uangalie.

Dhana: ongeza bafa, itatulia

Bafa, yaani akiba ya video inayopakiwa kabla ya kuonyeshwa, husaidia pale kasi inapotosha kwa wastani lakini inayumba. Programu ya kuchezea video ya VLC, toleo la 3, huweka akiba ya milisekunde 1,000 kwa mtandao. Kuipandisha hadi 5,000 hufunika miyumbo midogo ya Wi-Fi. Lakini video ikidai megabiti 20 na njia ikatoa 15, kila sekunde kuna upungufu wa 5. Akiba ya sekunde 10, yaani megabiti 200, itaisha baada ya sekunde 40, na utarudi palepale. Na kama video hukwama kwa vipindi vilivyo sawa, tuseme kila baada ya dakika moja, usifikirie bafa wala kasi: baadhi ya kompyuta husimamisha Wi-Fi kidogo ili kuchungulia mitandao ya jirani. Sasisha programu ya kadi ya Wi-Fi, au tumia waya.

Dhana: kupima ni kazi ya fundi

Programu ya iperf3, inayopima kasi kati ya kompyuta mbili, ni ya bure. Iweke kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye dirisha la amri la ile inayotazama andika iperf3 -s; kwenye ile yenye video andika iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya IP ya mwenzake. Mpangilio huo una maana, kwa sababu anayeandika -c ndiye anayetuma, na unataka kupima njia video inakopita, si ya kurudi. Ukuta wa moto (firewall), yaani kinga ya kompyuta dhidi ya miunganisho ya nje, ukizuia, ruhusu poti 5201. Ongeza -t 60 ili kipimo kidumu dakika nzima, kisha soma kila mstari wa sekunde badala ya wastani wa mwisho pekee: wastani wa 40 wenye sekunde kadhaa za 3 katikati utaikwamisha filamu ambayo 20 isiyoyumba ingeicheza mpaka mwisho. Rudia kipimo hichohicho usiku majirani wakiwa nyumbani, na ukiwa na waya, kabla ya kwenda dukani.