Epifania: mtoto anapotolewa nje

Kila mwaka inapofika Januari 6, au Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, jirani yangu hapa Chuno, Mtwara mjini, huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, Krismasi yenu si ilishapita? Mbona mnaimba tena?" Bibi huyu ni mzaliwa wa Mikindani, Mwislamu mcha Mungu. Anasikia tenzi zikitoka sebuleni kwetu, tunapokutania sisi Wakristo wa Kanisa la Mennonite, anaona viatu vimejaa barazani, na anataka kuelewa. Miaka ya kwanza nilimjibu kwa neno moja tu, "Epifania", nikadhani nimemjibu. Sikuwa nimemjibu. Maelezo niliyopaswa kumpa ni haya.

Epifania ni neno la Kigiriki lililovikwa irabu za Kiswahili. Maana yake ni kuonekana, kutokea hadharani kwa aliyekuwa hajaonekana. Zamani wafalme walilipenda neno hilo. Antioko wa Nne, mfalme wa Shamu aliyewatesa Wayahudi karne ya pili kabla ya Kristo, alijiita Epifane, yaani mungu aliyejitokeza. Wakristo walilichukua neno la watawala wa namna hiyo wakampa mtoto wa fundi seremala, na tangu karne ya nne Januari 6 imekuwa sikukuu kubwa, hasa katika makanisa ya mashariki.

Wakatoliki wa Tanzania huiita Tokeo la Bwana. Ni tafsiri ninayoipenda, maana kitenzi "kutokea" kina sura mbili: tunasema jambo limetokea, na tunasema malaika amemtokea mtu. Wengine husema "kudhihirishwa kwa Kristo", na hapo kuna jambo ambalo "tokeo" halilisemi: mtoto hakujidhihirisha mwenyewe. Alidhihirishwa. Antioko alijipachika jina. Mtoto wa Bethlehemu alikuwa hata kusema hajui.

Lakini kwa mtu wa pwani ipo njia fupi kuliko Kigiriki. Mtoto akizaliwa hukaa ndani na mama yake. Siku zikitimia hutolewa nje, ubani unafukizwa, ndugu na majirani wanakuja kumtazama, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Krismasi ni kuzaliwa. Epifania ni kumtoa mtoto nje. (Msomaji wa Luka atanikumbusha kwamba Yesu alipelekwa hekaluni siku zilipotimia, na kwamba makanisa mengi huikumbuka siku hiyo Februari 2. Ni kweli, lakini kule alitolewa mbele ya watu wa kwao. Epifania inahusu watu wa mbali.)

Nilipomweleza bibi hivyo, uso ulimfunguka. "Aa, kumbe! Haya, na nani walikuja kumwona?"

Swali hilo ndilo kiini cha sikukuu yenyewe. Mathayo, sura ya pili, anasema walikuja mamajusi kutoka mashariki. Bibi akashtuka: "Majusi? Wale waabudu moto?" Nikafurahi kwa mshtuko wake, kwa sababu sisi Wakristo tumekwisha kulizoea neno hilo mpaka limepoteza makali. Katika Kurani, sura ya Hija, Majusi wanatajwa kama watu wa dini ya peke yao, mbali na Wayahudi na Wakristo. Kwa Myahudi wa zama za Herode pia walikuwa watu wa nje kabisa: wageni, wasomaji wa nyota, watu wa dini nyingine. Na hao ndio waliokuja wa kwanza kutoka mataifa. Makuhani na waandishi wa Yerusalemu walijua andiko lenye jina la mji, wakalisoma bila kukosea, wala hawakwenda, ingawa Bethlehemu si mbali na Yerusalemu. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Habari ya wafalme watatu nitaipita haraka. Biblia haisemi walikuwa watatu, na haisemi walikuwa wafalme. Utatu umetokana na zawadi tatu, na ufalme umetokana na Zaburi ya 72 na Isaya sura ya 60, zinazotaja wafalme, ngamia na dhahabu ya Sheba. Zawadi ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu mbili kati yake ni mali ya bahari yetu. Uvumba wa Mathayo ni ubani huu huu unaofukizwa majumbani Mikindani, utomvu wa miti ya Somalia na kusini mwa Arabuni. Manemane nayo inatoka Pembe ya Afrika na Arabuni. Bibi alinukia ubani siku hiyo nikimweleza.

Sasa Wamennonite wanaingiaje hapa? Huku kusini Epifania si ngeni. Waanglikana wako Masasi tangu 1876, Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, wana abasia yao Ndanda, na kalenda za makanisa hayo zimeitaja siku hii kwa vizazi. Sisi Wamennonite ni wachache, na wengi wetu katika kikundi chetu tumeletwa na kazi kutoka mkoa wa Mara. Huko ndiko kanisa letu lilikoanzia nchini, wamisionari Wamarekani, Elam Stauffer akiwa mmoja wao, walipofika Shirati mwaka 1934. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mtanzania wa Kanisa la Mennonite Tanzania.

Kwetu siku hii haina kanuni moja. Ushirika mmoja utaisherehekea, mwingine utaipita kama Jumapili yoyote. Binamu zetu wa imani, Waamishi wa Marekani, ambao wazee wao walijitenga na Wamennonite huko Ulaya mwaka 1693, wengi wao hushika Januari 6 kama "Krismasi ya zamani", kumbukumbu ya kalenda iliyotumika kabla ya hii ya sasa. Sina ubishi na anayeipita. Mimi nimekuja kuipenda kwa sababu naona mambo matatu tunayoshikilia zaidi yamo ndani yake.

La kwanza ni maji. Makanisa ya mashariki, yakiwemo ya Ethiopia kwa sikukuu yao ya Timkat, huunganisha kipindi hiki na ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, pale sauti iliposema huyu ni Mwanangu mpendwa. Na imani yetu ilizaliwa katika maji, tena Januari. Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zurich, Uswisi, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyeomba mwenyewe. Walisema ubatizo ni wa mtu anayekiri kwa kinywa chake, si wa mtoto mchanga. Serikali ya mji ikaona ni uasi. Mwenzao Felix Manz alifungwa mikono na kutoswa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527, siku moja kabla ya Epifania. Watawala walimchagulia maji makusudi, kwa dhihaka, eti kwa kuwa alipenda maji ya ubatizo. Jina la Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyejiunga na watu hao mwaka 1536 na ambaye kwake tunaitwa Wamennonite, lilikuja baadaye. Sisi katika ibada yetu ya Epifania humtaja Manz kwa jina, tukanyamaza kidogo, kisha tunaendelea kuimba.

La pili ni Herode. Alitaka mamajusi warudi wampe habari, ili naye "amsujudie". Walionywa katika ndoto, wakaenda kwao kwa njia nyingine. Hawakupigana na Herode, hawakumtii pia. Wamennonite wamejaribu kutembea njia hiyo kwa karne tano: kukataa upanga bila kukimbia wajibu. Ndiyo maana wakati wa vita kuu ya pili vijana wengi wa Kimennonite huko Marekani walikwenda kwenye kambi za kazi za raia, kupanda misitu na kuhudumia wagonjwa wa akili, badala ya kushika bunduki.

La tatu ni nyumba, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mathayo hasemi mamajusi waliingia zizini. Anasema "wakaingia nyumbani". Kanisa letu hapa ni nyumba vilevile: sebule ya saruji, mikeka, viti vya plastiki vya kuazima. Januari huku ni mvua, na mabati yakianza kupiga kelele msomaji husimama akasubiri. Tunasoma Isaya 60, Zaburi 72, Waefeso sura ya tatu na Mathayo sura ya pili. Kinanda hatuna. Tunaimba kwa sauti nne, kama Wamennonite wengi wanavyoimba, na sauti ya nne siku zote ina watu wawili tu, mmoja wao mimi.

Baada ya neno tunatoa ushuhuda. Desturi hii tumeirithi kutoka uamsho uliofika Shirati mwaka 1942, uliowafanya watu waungame hadharani, Mwafrika mbele ya mmisionari na mmisionari mbele ya Mwafrika. Siku ya Epifania swali la ushuhuda ni moja: katika mwaka uliopita, Kristo alionekana wapi? Hairuhusiwi kujibu kwa mstari wa Biblia. Taja mtu, taja mahali. Mama mmoja muuza samaki alisema alimwona kwa mteja aliyerudi na elfu kumi aliyozidishiwa katika chenji. Alilia akisema, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha tunafungua hazina zetu. Januari ni mwezi mgumu kwa mzazi. Ada imefutwa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na godoro la anayekwenda bweni havijafutwa. Mwenye fedha ya korosho isiyokwisha huleta, mwenye mshahara huleta, na shemasi hugawa bila kutangaza nani katoa nini. Sijui namna bora zaidi ya kueleza dhahabu ya mamajusi kwa mtoto wa darasa la pili kuliko kumvalisha viatu.

Tunatawadhana miguu pia, kama Yohana 13 inavyosema, wanaume chumba kimoja, wanawake kingine. Vikundi vingine hufanya hivi pamoja na Meza ya Bwana tu. Sisi tumeongeza siku hii. Bibi alipoona mabeseni alitabasamu: kutawadha analijua vizuri kuliko mimi, mara tano kwa siku. Tofauti, nikamwambia, ni hiyo silabi ya mwisho: ku-tawadha-na. Huwezi kuifanya peke yako.

Ipo methali ya pwani: funika kombe mwanaharamu apite. Naiheshimu, ina busara yake nyumbani kwenye aibu. Lakini Epifania ni siku ya kufunua kombe, na kumwita yule uliyedhani si wa kwenu aje ale. Nasema hivi nikiwa na deni. Miaka michache iliyopita, Jumapili hii hii ya mamajusi, aliingia kijana tusiyemjua, Mmakonde wa upande wa pili wa Ruvuma, kwa lafudhi yake. Alikaa karibu na mlango. Tulisoma kuhusu wageni, tukaimba kuhusu wageni, na kwa kuwa kila mtu alidhani mwingine amemsalimu, hakuna aliyemsalimu. Tulipomaliza sala ya mwisho kiti kilikuwa kitupu. Kusini hii iliwapokea watu wa Msumbiji waliovuka mto wakati wa vita vya ukombozi, na Injili yenyewe inasema mara tu baada ya mamajusi kuondoka, Yesu akawa mkimbizi Misri. Nimemtafuta kijana yule sokoni na stendi. Sijamwona.

Tangu siku hiyo tumebadilisha utaratibu. Shemasi hakai mbele, anakaa kizingitini. Anayeingia hupewa mkono, maji ya kunywa, na huulizwa jina kabla ya wimbo wa kwanza. Jumapili iliyo karibu na Januari 21, makanisa ya Kimennonite na ya jamaa zake duniani hukumbuka kwamba ni watu wamoja, na kila mshirika hualikwa kutoa sadaka ya kiasi cha mlo mmoja wa mchana. Kwetu kipindi chote kati ya Jumapili ya Epifania na hiyo ni cha kutembeleana: kila nyumba ipike kwa ajili ya mtu mmoja asiye wa kikundi. Mwaka jana ming'oko na chai vilitosha.

Na ibada ikiisha haturudi kwa njia tuliyojia. Tunazunguka nyuma, kupitia kwa mzee mwenye miguu iliyovimba, kwa mjane mwenye duka la mkaa, na mwisho kwa bibi, ambaye siku hizi haulizi tena kwa nini tunaimba. Huwa ameshatandika mkeka, embe ziko ndani ya ungo, na anauliza tuko wangapi.