Ndege wahamiaji alasiri: angalia anavyokula, rangi baadae

Wengi mnaniuliza kwanini natoka kuangalia ndege saa kumi alasiri wakati kila mtu anasema asubuhi ndo penyewe. Asubuhi tamu, sibishi, ila hawa ndege waimbaji wadogo wanaohama wengi wao husafiri usiku, hewa imetulia, kuna ubaridi na vipanga wamelala, kwa hiyo joto la mchana likipungua wanarudi kula kwa fujo wapate mafuta ya safari, na ndege mwenye njaa hana muda wa kujificha.

Mimi sikimbizani nao kabisa. Natafuta ukingo wa kichaka wenye wadudu, nalipa jua mgongo, natulia. Kwanza macho matupu, jani likitikisika ndo unapandisha darubini bila kubandua macho pale (natumia 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo cha mbele ni milimita 42, zile za 10x zinatetemeka mkononi na zinaona eneo dogo).

Sasa patamu ni hapa. Phylloscopus trochilus (willow warbler kwa Kiingereza) na ndugu yake Phylloscopus collybita (chiffchaff), vindege wala wadudu, wote wana kijani cha kufifia, wote gramu kumi hivi au chini, ukishika rangi utapotea. Angalia mkia! Collybita anauchovya chini kila saa huku anadonoa, trochilus mara chache sana. Halafu miguu, ya collybita myeusi, ya trochilus kwa kawaida imepauka. Halafu ncha ya bawa lililokunjwa, ya trochilus inachomoza zaidi, manake yeye anavuka Sahara, wengine wanafika mpaka kusini kabisa mwa Afrika, wakati collybita wengi wanaishia maeneo ya Mediterania. Safari ndefu inataka bawa refu, na mimi hilo huwa linanisisimua kila nikiliona.

Muscicapa striata (spotted flycatcher) ni rahisi, anakaa wima kwenye kijiti kitupu, anachomoka, anadaka mdudu, mara nyingi anarudi palepale, we lenga kijiti tu umsubiri.

Na msisahau chini. Oenanthe oenanthe (northern wheatear) anatembea kwenye nyasi fupi, akiruka unaona kiuno cheupe na T nyeusi iliyopinduka mkiani. Utafiti wa 2012 ulionyesha wa Alaska wanakuja mpaka Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500 kwenda tu, na ana gramu 25 hivi!

Ndo maana nawaomba msiwapigie sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu kuwaita. Ndege akidhani ni mpinzani, akaja kutafuta adui ambaye hayupo, muda wake wa kula unaenda, na usiku huohuo huenda anaondoka.