Hakuna aliyezaliwa na blugrasi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha banjo, ala ya nyuzi inayopigwa katika blugrasi, muziki wa Kimarekani, aliiweka mezani, akavua kucha za chuma vidoleni, akaniambia: "Mwalimu, hawa watu wamezaliwa na huu muziki. Sisi tutaiga tu." Ana bidii, ana sikio zuri, na alikuwa amebakiza kidogo kuishika ile mizunguko ya vidole vitatu. Ni wa tatu kuniambia hivyo mwaka huu. Aliyemtangulia ameshauza ala yake. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mtu mmoja mmoja.

"Wamezaliwa nao, uko kwenye damu"

Tuanze na miaka, maana dhana hii inaangukia hapo hapo. Bill Monroe, mpiga mandolini na kiongozi wa bendi, alizaliwa 1911, mpiga gitaa Lester Flatt 1914, mpiga fidla Chubby Wise 1915, mpiga banjo Earl Scruggs 1924. Bendi yao, Blue Grass Boys, ilifikia sura inayosifiwa hadi leo Desemba 1945, Scruggs alipojiunga, na santuri za kundi hilo zilirekodiwa 1946 na 1947. Jina la muziki wenyewe lilitokana na jina la bendi, na bendi ililipata kwenye lakabu ya Kentucky, jimbo la Monroe, yaani "Bluegrass State". Sasa mtu wa 1911 atazaliwaje na muziki ambao bado haukuwapo? Walikutana watu wazima, kila mmoja na mzigo wake wa muziki kutoka kwao, wakaupika pamoja wakiwa kazini, njiani na redioni.

Tazama mzigo wa Monroe. Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane huko Rosine, magharibi ya Kentucky, mbali na ile milima ya Appalachia ambayo wanafunzi wangu hunitajia kila mara kama chimbuko la muziki huu. Kaka zake Birch na Charlie walishachukua fidla na gitaa, yeye akaangukia mandolini, tena akaamriwa atoe nyuzi nne kati ya nane asije akawazidi sauti. Macho yake yalikuwa mabovu. Katika mafunzo ya uimbaji ya kanisani wenzake walisoma noti zenye maumbo, jamaa wa karibu wa solfa tunazofundishwa kwenye kwaya, naye kwa kuwa hakuziona vizuri akazishika sauti kwa sikio. Mama yake, aliyepiga fidla, alifariki Bill akiwa na miaka 10. Baba alifuata Bill akiwa na miaka 16. Ndipo akahamia kwa mjomba wake, Pendleton Vandiver, akawa anamsindikiza kwa gitaa kwenye madansi ya usiku vijijini. Huko ndiko alikofunzwa mapigo: ukikosea, wachezaji wanasimama na kukutazama.

Kuna na mwalimu mwingine ambaye husahaulika, nami nakasirika kila anaposahaulika. Arnold Shultz, Mmarekani Mweusi, mchimba makaa ya mawe, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, alipiga fidla na gitaa katika wilaya ile ile. Monroe alipiga naye kwenye madansi akiwa kijana, na hata alipokuwa mashuhuri hakuficha kwamba bluzi iliyomo kwenye muziki wake aliipata kwa Shultz. Mtindo wa gumba wa Shultz ulipita mikononi mwa wapiga gitaa wengi wa magharibi ya Kentucky, hadi ukamfikia Merle Travis, mpiga gitaa aliyekuja kuwa mashuhuri. Shultz alifariki 1931 bila kurekodiwa. Ukisema "damu" mbele yangu, umemfuta mtu huyu.

Baada ya hapo Monroe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Whiting, Indiana, jirani na Chicago, akisafisha na kupanga mapipa. Kanisa, dansi, bluzi, mapipa. Damu iko wapi hapo?

Scruggs naye. Alitoka Flint Hill, North Carolina, nchi ya viwanda vya pamba. Baba yake, aliyepiga banjo, alifariki Earl akiwa na miaka minne, hivyo hakupata nafasi ya kumrithisha. Watu wa eneo lake, akiwamo Snuffy Jenkins, walikuwa tayari wanapiga kwa vidole vitatu. Earl alisikiliza, akakaa na banjo, akausafisha mtindo huo hadi ukawa wake, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi kwenye kiwanda cha uzi. Weka mkono wake chini ya macho uone: gumba lina kucha ya plastiki, kidole cha shahada na cha kati vina kucha za chuma. Noti nane kwa kila mzunguko, na msisitizo unaangukia kwenye mafungu ya tatu, tatu, mbili. Ni hesabu. Hesabu hujifunzwa polepole, kwa metronomu, kile chombo cha kuhesabia mapigo, na wanaokwama kwangu karibu wote ni wale wanaokimbilia kasi.

Flatt pia alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo. Kabla ya kwenda kwa Bill aliwahi kufanya kazi katika bendi ya Charlie, kaka wa Bill, ambako aliimba teno na kupiga mandolini. Kwa Bill akashika gitaa na sauti ya kwanza, yaani alibadilisha ala na sauti akiwa mtu mzima. Chubby Wise alikulia Florida, tambarare tupu, akaendesha teksi Jacksonville, na upinde wake una ulaini wa swingi, jazi ya kuchezea dansi, ambao hukuti kwenye fidla za zamani za vijijini. Howard Watts alipiga besi na kuwachekesha watu jukwaani kwa jina la Cedric Rainwater. Hao ndio watano.

"Ni muziki wa watu wasiosoma"

Hapana. Mwaka 1963 Monroe alimwajiri Bill Keith, mtu wa Boston aliyemaliza chuo cha Amherst, ambaye alileta namna ya kupiga melodia kwenye banjo noti kwa noti. Baadaye kidogo akaja Richard Greene, aliyefunzwa fidla ya klasiki. Na Kenny Baker, mpiga fidla aliyedumu na Monroe kuliko wote, alitoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe akiwa mpenzi mkubwa wa swingi na jazi. Bendi moja iliwabeba wote.

"Wanawake hawakuwamo"

Sally Ann Forrester alikuwa katika Blue Grass Boys kuanzia 1943, na kodiani yake inasikika kwenye rekodi za Februari 1945. Mwanafunzi akiniambia kodiani si ala ya blugrasi, namwekea rekodi hiyo kwanza.

"Banjo ni ala ya Wazungu"

Hii huniuma kwa sababu husemwa na Waafrika. Banjo ilipelekwa Amerika na watu waliotekwa Afrika, kwa kumbukumbu zao na mikono yao: kibuyu, ngozi, mpini, na uzi mmoja mfupi unaopigwa kwa gumba. Wajola wa Senegali na Gambia bado wanapiga akonting, na mkono wa mpigaji wake ukiutazama kwa dakika mbili utaelewa kwa nini uzi wa tano wa banjo ya kisasa unaishia kwenye freti ya tano (freti ni vile vichuma vya mpinini) badala ya kwenda hadi juu. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo mzaliwa wa New York, alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiifuata asili hiyo. Tanzania alipiga na mwanamuziki Anania Ngoliga, na filamu ya safari hiyo ilipewa jina kutokana na Bagamoyo, mahali pa kubwaga moyo.

Wapo pia wanaosema sisi hatukuwahi kuguswa na nyimbo hizo. Monroe alipoingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri, Oktoba 1939, alijitambulisha kwa wimbo wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Miaka 11 baadaye, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba huyo huyo Rodgers, ambaye jina lake kwao lilikuwa limeshageuka Chemirocha. Santuri zilimtangulia mtafiti. Bibi zetu walimsikia Rodgers, wakamfanya wao, wala hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Banjo ya yule kijana bado iko kwangu. Nimemkataza kuigusa kwa wiki mbili. Badala yake aende mazoezi ya kwaya, asimame na watu wa teno, ajifunze kushika sauti yake huku jirani akishika nyingine. Nyumbani apige makofi tu juu ya rekodi: pigo la kwanza na la tatu ni la besi, la pili na la nne ni la mandolini inayokatwa kavu, kwa kuwa bendi ile haikuwa na ngoma na mandolini ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Wazazi wake wamenipigia simu kuuliza kwa nini wanalipia masomo ya banjo mtoto anaimba kanisani. Nimewaeleza habari za Monroe na zile noti ambazo hakuziona, nao wamekubali kumwacha aendelee.