“Tukijengewa Zahanati, Tumemaliza”: Dhana Inayonichosha Kuliko Zote

Kila kikao cha kijiji ninachoalikwa, lazima asimame mtu aseme: tuleteeni zahanati karibu, mengine yatajipa. Nimelisikia neno hili miaka yote ya ukunga wangu. Wiki iliyopita nimelisikia tena, na safari hii likapigiwa makofi.

Dhana: Kituo kikiwa karibu, watu watatibiwa.

Ukweli: mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya uzazi kwa kuangalia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Jengo la karibu linapunguza ule wa pili. Wa tatu unategemea watumishi, dawa na damu. Wa kwanza uko sebuleni kwenu, na hakuna mkandarasi wa kuuondoa.

Nilimpokea mama mmoja alfajiri, amebebwa na wanaume wanne, shuka alilofungwa linachuruzika damu. Alikuwa amejifungulia nyumbani saa tisa usiku. Kwao ukisimama mlangoni unaiona taa ya kituo chetu. Muda wote huo walikuwa wanampigia simu mumewe aliyekuwa safarini, simu haipatikani, na hakuna mwingine aliyethubutu kusema “twendeni.” Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Huyu tulimkanda kizazi, tukamchoma oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, tukamtundikia dripu, tukampa rufaa akaongezewe damu. Alipona. Nimewapokea wengine ambao hawakupona, na kwao hapakuwa mbali pia.

Kwa hiyo nawasihi: ruhusa ya kwenda kituoni itolewe mimba ingali changa, mbele ya mama mkwe na wifi, kila mtu asikie. Kisha bandikeni karatasi nyuma ya mlango: nani anaamua baba asipokuwepo, nani ana pikipiki au gari na namba yake ni ipi, nani anashika zamu yake akikosekana, nani anabaki na watoto, nani yuko tayari kutoa damu. Kijiji nacho kipange zamu za wenye vyombo vya usafiri na kichangie mfuko wa dharura. Hela itoke kwanza, kikao kifuate. Mfuko unaosubiri sahihi tatu usiku wa manane hauwezi kumwokoa mtu anayevuja damu.

Dhana: Mhudumu wa afya ya jamii ni mgawa vyandarua tu.

Ukweli: Azimio la Alma-Ata, lililotolewa na mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi mwaka 1978, lilimweka ndani ya timu ya afya ya msingi, na lilikuwa na sababu. Akiwa amefundishwa na ana vifaa, anamwanzishia mtoto anayeharisha ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki hapo hapo mlangoni kwenu, zinki ikiendelea siku 10 hadi 14. Akimzungushia mkononi ule utepe wa rangi mtoto wa miezi 6 hadi 59 na kipimo kikasoma chini ya milimita 115, huo ni utapiamlo mkali. Anapokwambia umpeleke mtoto leo, mpeleke leo. Usingoje “daktari wa kweli.”

Dhana: Bima ni ya wagonjwa.

Ukweli: wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko wa bima unakauka. Unajiunga ukiwa mzima.

Dhana: Dawa zenyewe hawana, niende kufanya nini?

Ukweli: hili lina uchungu wake, na simlaumu aliyetembea nusu siku akarudi na karatasi ya kwenda kununua. Lakini mahali pengi kituo huagiza dawa kwa kuangalia matumizi yaliyoandikwa. Mkikiruka kituo chenu mkaenda kwingine, rejesta inaonyesha wagonjwa wachache, agizo linapungua, na msimu wa malaria unakuta makopo matupu. Nendeni, mwandikwe. Kama dawa bado hazionekani, mtumeni mjumbe wenu kwenye kamati ya kituo aombe leja ya dawa, asome tarehe zilizoingia na tarehe zilizoisha, aje aisomee kijiji kikao kijacho.