Stelingi Naye Hufa: Tunayoyakosea Kuhusu Picha za Kihindi

Mtu wa pwani hapendi kufundishwa picha za Kihindi. Atakwambia amezaliwa nazo. Mama yake aliziimba jikoni nyimbo za Lata Mangeshkar bila kujua maana ya hata mstari mmoja, baba yake aliiona Sholay mara nne, na yeye mwenyewe amekulia kibanda umiza, amebanana kwenye benchi la mbao, akimsikiliza mtafsiri akimtilia Amitabh Bachchan kinywani maneno ambayo Amitabh hajawahi kuyasema. Mimi ni mmoja wao. Na nikitaka kumpendekezea mtu picha ya kutazama, asiyezijua hanisumbui hata kidogo. Anayenisumbua ni anayezijua, maana huyo ana majibu tayari mdomoni. Haya hapa majibu yenyewe.

"Stelingi hafi"

Hili limekuwa kama methali. Hata asiyetazama picha hulitumia. Lakini zichukue picha ambazo huko India kwenyewe zinahesabiwa kuwa nguzo, uanze kuhesabu misiba.

Anand ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, inakuambia tangu mwanzo kwamba Anand amekwisha kufa. Aliyemwigiza ni Rajesh Khanna, ambaye siku hizo hakuna nyota wa Bombay (Mumbai ya leo) aliyemfikia. Ana saratani, anajua hatapona, na picha nzima anataniana na watu barabarani kana kwamba ana miaka mia mbele yake. Daktari anayemtibu ni kijana mrefu, mkimya, mwenye hasira ya ndani kwa ndani. Ndiye Amitabh, kabla hajawa Amitabh. Unajua mwisho, umeambiwa, na bado ukifika utatafuta leso.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Amitabh mwenyewe, na alikufa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Katika Deewaar (1975) yeye ni mhalifu wa magendo na mdogo wake ni polisi. Risasi inatoka kwa mdogo, na kaka anakata roho hekaluni, mapajani mwa mama yao. Katika Sholay, iliyotoka Agosti mwaka huo huo, Jai, ndiye Amitabh, haondoki hai kijijini. Habari ya sarafu yake siisemi. Aliyeiona anaijua, na ambaye hajaiona asiibiwe utamu. Picha zote mbili ziliandikwa na watu wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, na Sholay ilikaa ukumbi wa Minerva, Bombay, zaidi ya miaka mitano. Watu walilipa kiingilio miaka yote hiyo wakijua vizuri nani atakufa.

Yupo pia Devdas, mlevi wa mapenzi, aliyeigizwa na Dilip Kumar mwaka 1955 na Shah Rukh Khan mwaka 2002, na mara zote mbili anamalizikia langoni kwa mwanamke aliyemkosa. Na katika Mother India (1957), Nargis anampiga risasi mwanawe wa kumzaa ili kumwokoa binti wa mkopeshaji aliyewatesa maisha yao yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya kwanza ya India kuteuliwa kugombea Oscar.

Basi methali yetu imetoka wapi? Nadhani imetoka kwenye kaseti. Video zilipoingia miaka ya 1980, zilizotufikia kwa wingi zilikuwa za ngumi, na huko kweli stelingi anapigwa na watu ishirini, anafuta damu mdomoni, anainuka. Tulihukumu bahari kwa ndoo moja.

"Ni kuimba na kuzunguka miti tu"

Nyimbo ni kweli. Alam Ara, picha ya kwanza ya India kuwa na sauti, ilioneshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931 ikiwa na nyimbo saba, na mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha yenye nyimbo zaidi ya sabini. Sabini, ndiyo. Tamthilia za jukwaani za Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, ambako sinema hii ilichota waigizaji na visa, zilikuwa za kuimba tangu hapo, kwa hiyo mtazamaji wa Bombay angeshangaa zaidi kama watu wangeongea tu.

Lililo kosa ni hilo neno "tu". Tazama Pyaasa ya Guru Dutt (1957). Mshairi asiyethaminiwa na mtu anapita usiku katika vichochoro vya madanguro, amelewa, anaimba. Ukiitazama bila kuelewa utaona mlevi na nyimbo zake. Lakini maneno ni ya Sahir Ludhianvi, na yanauliza wako wapi wale wanaojivunia India, waje waone haya. Nchi ilikuwa na miaka kumi tu ya uhuru. Hakuna hotuba ambayo ingepenya hivyo, na hakuna mti hata mmoja.

Na asiyetaka nyimbo kabisa, zipo zisizo nazo, tena za zamani. B. R. Chopra alitengeneza Kanoon mwaka 1960, kesi ya mauaji mahakamani, hakuna wimbo. Mdogo wake Yash Chopra akafuata na Ittefaq (1969), mtuhumiwa aliyetoroka na mwanamke ndani ya nyumba, usiku mmoja, hakuna wimbo. Ni huyu huyu Yash ambaye baadaye alipeleka wapendanao kuimba kwenye milima ya Uswisi, kwa hiyo tusimwonee.

Halafu, jamani, sisi? Sisi ambao taarabu yetu ilichukua tuni zao ikazivika mashairi ya Kiswahili, ambao Juma Bhalo wa Mombasa alitukonga roho kwa sauti ya Kihindi na maneno ya Kimvita? Ndio wa mwisho kulalamika kwamba Wahindi wanaimba mno.

"Wanaimba wenyewe"

Hapana, isipokuwa wachache. Tangu mwaka 1935 kuna mtindo wa mwimbaji kurekodi studio na mwigizaji kufuatisha midomo. Raj Kapoor anapoimba katika Awaara, picha iliyovuma Unguja kama ilivyovuma Moscow, sauti ni ya Mukesh. Kishore Kumar alikuwa na vyote viwili, uigizaji na koo. Mwanzoni waimbaji hata hawakutajwa: santuri ya wimbo mkubwa wa Mahal (1949) iliandikwa jina la Kamini, mhusika wa kwenye picha, na wasikilizaji wakawa wanauliza redioni Kamini ni nani. Alikuwa Lata.

"Picha ya Kihindi ni picha ya India"

Hapa lugha yetu yenyewe imetutega. Kiswahili kinasema "Kihindi" kwa mambo mawili: kitu chochote cha India, na lugha ya Kihindi. Kwa hiyo tukisema picha ya Kihindi, tunaweka kila kitu gunia moja. Kumbe Bollywood ni sinema ya lugha ya Kihindi inayotengenezwa Mumbai, na pembeni yake kuna sinema nzima za Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam, Kikannada, Kibengali, Kimarathi, kila moja na nyota wake na mashabiki wake wanaoweza kugombana hadi asubuhi.

Kijana akinisifia Bollywood siku hizi, mara nyingi anasifia RRR. Hiyo ni ya Kitelugu, ya S. S. Rajamouli, kama ilivyo Baahubali. Wimbo wa RRR ndio uliochukua Oscar mwaka 2023. KGF ni ya Kikannada. Tunazipata zikiwa zimeingizwa sauti za Kihindi, basi tunampa Mumbai sifa za jirani. Satyajit Ray naye, mwongozaji anayetajwa kila mahali sinema ya India inapotajwa, alifanya kazi zake nyingi kwa Kibengali. Anayemtaka kwa Kihindi atafute Shatranj Ke Khilari (1977): mabwana wawili wa Lucknow wamezama kwenye sataranji huku Waingereza wakiubeba ufalme wao wa Awadh kama mzigo usio na mwenyewe. Inachekesha mpaka inauma.

"Lugha yao hatuambulii kitu"

Kaa na picha ya zamani bila mtafsiri, funga macho dakika tano, sikiliza. Duniya. Waqt. Khabar. Sabab. Hisab. Kitab. Zamana. Rooh. Mohabbat. Utajikuta kichwa kinainuka peke yake. Kinachozungumzwa humo si Kihindi cha vitabuni. Ni Kihindustani, chenye Kiurdu kingi, na Kiurdu kilichota Kiarabu na Kiajemi kisima kile kile tulichochota sisi. Waandishi wengi wa mashairi na maongezi walikuwa watu wa Kiurdu: Sahir, Majrooh Sultanpuri, Kaifi Azmi, na Javed Akhtar wa Sholay.

Ila usijiamini mno, maana maneno husafiri na kubadilika tabia. "Gharib" wao ni fukara, gharibu wetu ni mgeni. "Badla", linalosikika kila baada ya dakika kumi kwenye picha za miaka ya sabini, ni ndugu wa "badala" yetu, lakini likitamkwa na mtu aliyesimama juu ya maiti ya baba yake ujue ni kisasi.

Hapo hapo linavunjika lile jingine, kwamba ni sinema za dini moja. Dilip Kumar jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan. Madhubala ni Mumtaz Jehan. Nargis ni Fatima Rashid. Katika Baiju Bawra (1952) kuna wimbo wa ibada ya Kihindu ambao ulitungwa maneno na Shakeel Badayuni, ukatiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Mohammed Rafi. Waislamu watatu.

"Ni ndoto za matajiri, hakuna maisha ya kweli"

Hili ndilo hunifanya niweke kikombe chini. Mwaka 1953 Bimal Roy alitengeneza Do Bigha Zamin: mkulima mwenye deni anakwenda Calcutta kuvuta riksho ili akomboe kipande chake cha ardhi. Balraj Sahni, msomi aliyewahi kutangaza BBC, anavuta riksho hiyo kwa miguu yake barabarani. Ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1954. Kabla yake, mwaka 1946, Neecha Nagar ya Chetan Anand ilikuwa miongoni mwa zilizogawana tuzo kuu huko huko Cannes. Kisa chake ni tajiri anayeelekeza maji machafu mtaa wa maskini.

Lakini ninayoipenda kuisimulia ni Manthan ya Shyam Benegal, 1976. Daktari wa mifugo anatumwa kijijini Gujarat kuanzisha ushirika wa maziwa. Kuna mnunuzi wa kati anayewapunja wafugaji, kuna wakubwa wa kijiji wanaotaka kuuteka ushirika, kuna watu wa tabaka la chini wasioamini mgeni yeyote mwenye shati safi. Na pesa za kuitengeneza zilitoka kwa wafugaji wenyewe: laki tano kati yao, kila mmoja alitoa rupia mbili. Picha ilipokwenda kumbini, wakapakiana malori kwenda kutazama mali yao. Smita Patil na Naseeruddin Shah wamo, wote bado vijana. Aliyekulia karibu na ushirika wa kahawa, pamba au korosho atawatambua wahusika wote, atabaki kuwabadilisha majina tu.

Kwa asiye na subira na masaa matatu, kuna The Lunchbox (2013), haifiki masaa mawili. Chakula cha mchana ambacho mke mmoja anampikia mumewe kinapelekwa ofisi isiyo yake, kwa mjane mwanamume anayekaribia kustaafu, na vikaratasi vinaanza kwenda na kurudi ndani ya vyombo. Irrfan Khan anafungua kifuniko, ananusa, na unajua kila kitu kuhusu upweke wake. Ukimaliza hiyo, Masaan (2015), huko Varanasi, kijana wa ukoo unaochoma maiti anapenda msichana wa tabaka jingine. Hiyo usiitazame ukiwa na huzuni zako.

"Hizo nyeusi na nyeupe ni za wazee"

Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitoka mwaka 1960 baada ya miaka mingi ya kutengenezwa. Mwana wa mfalme Akbar anampenda mcheza ngoma wa kasri, na baba hataki. Mwaka 2004 ilitiwa rangi mwanzo hadi mwisho, na ndiyo inayopatikana kirahisi. Mimi nakuomba uhangaike kidogo uipate ile ya awali. Humo utakaa muda mrefu na weusi na weupe, na vivuli, na uso wa Madhubala, hadi ifike zamu yake ya kucheza mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo. Hapo ndipo, kwa wimbo ule wa kumwambia mfalme machoni kwamba aliyependa hana la kuogopa, rangi zinaingia. Anazunguka, na dari lote linajaa yeye, vipande kwa vipande, kila kioo na Madhubala wake. Akbar anainua macho, na hajui amtazame yupi.