Ganda la ndizi kwenye ndoo ya njano

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Zenye hatari ni asilimia 15 tu. Lakini pamba moja yenye damu ikitupwa kwenye ndoo ya makaratasi, ndoo nzima inahesabiwa kuwa ya hatari. Ndiyo maana wodi zetu hapa Uganda zina ndoo za rangi: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi. Sindano haziingii kwenye ndoo yoyote. Zina kisanduku chake kigumu.

Wanaovuruga mpango huu si wauguzi peke yao. Karibu kila mgonjwa ana jamaa anayemlisha na kumfulia, na huyo hakuna aliyemweleza maana ya rangi. Funua ndoo ya njano baada ya chakula cha mchana: maganda ya ndizi na makombo ya posho (ugali) yamelala juu ya glovu zilizotumika.

Madhara huonekana kwenye tanuri la kuchomea taka. Tanuri la vyumba viwili linatakiwa lifike nyuzi 850 za Selsiasi katika chumba cha kwanza na 1,100 katika cha pili. Makombo yenye majimaji hulipoza, dizeli inakwisha upesi, moshi unatoka mweusi. Kukiwa na plastiki ya PVC, kama baadhi ya mifuko ya dripu, moto hafifu huzalisha dioksini na furani, sumu ambazo Mkataba wa kimataifa wa Stockholm, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2004, unataka zipunguzwe. Vituo vingi vidogo havina hata tanuri. Wanachimba shimo na kuchomea humo humo. Kwa maoni yangu, kununua tanuri la bei kubwa kabla watu hawajajua kutenganisha taka ni kuchoma fedha.

Kisanduku cha sindano kifungwe kikifika robo tatu, kisishindiliwe, na sindano isirudishiwe kifuniko. Mfanya usafi ambaye hajachanjwa, akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa VVU ni asilimia 0.3 hivi. Aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiminye jeraha, asipake jiki, kisha aripoti papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kuwahi ni bora zaidi.

Nawe unayejidunga insulini nyumbani, weka sindano kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iandike "sindano", uirudishe kliniki siku ya kuchukua dawa. Usitupe chooni wala jalalani. Vijana wanaookota chupa za kuuza huko huchambua taka kwa mikono mitupu.